Xpert Ultra kwenye kipande cha ini: tathmini ya katriji, na ya vidonge vinavyofuata

Katriji ya Xpert MTB/RIF Ultra, kikasha kinachowekwa kwenye mashine ili kutafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu (TB), ilitengenezwa kwa ajili ya makohozi. Ndivyo mtengenezaji wake, kampuni ya Cepheid ya Marekani, anavyoeleza kwenye karatasi ya maelekezo, na ndivyo maabara nyingi zinavyoitumia kila siku. Hapa tunaipima kwenye kazi ngumu zaidi: kifua kikuu cha ini. Huko hakuna cha kukohoa, bakteria ni wachache, na sampuli hupatikana kwa sindano ya baiopsi ambayo mgonjwa hatataka kuchomwa mara ya pili.

Kwa maoni yetu inastahili kuombwa kila ini linapochomwa kwa kushukiwa TB. Ila ubora wake huamuliwa dakika ile kipande kinapotoka kwenye sindano, kabla hakijafika maabara. Kipande chote kikishatumbukizwa kwenye fomalini, uoteshaji wa bakteria umekufa hapohapo, na Xpert ya kawaida haina tena sampuli ya kuaminika. Hilo ndilo kosa linaloharibu majibu mengi zaidi ya ini kuliko hitilafu yoyote ya mashine, na halina gharama yoyote kulizuia.

Ultra imeongeza nini

Shirika la Afya Duniani liliidhinisha katriji ya kwanza ya Xpert Desemba 2010, na Ultra ikafuata 2017. Mashine ni ileile ya GeneXpert ambayo hospitali nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda tayari zinayo. Kilichobadilika ni katriji. Chumba cha kuzidishia vinasaba kimepanuliwa kutoka mikrolita 25 hadi 50. Katriji ya zamani ilitafuta peke yake jeni ya rpoB, ambayo ndiyo pia huonyesha usugu wa dawa ya rifampisini, na kila bakteria ana nakala moja tu ya jeni hiyo. Ultra hutafuta pia IS6110 na IS1081, vipande vya vinasaba vinavyojirudia mara kadhaa ndani ya bakteria mmoja. Kwa hiyo bakteria mmoja aliyenaswa hutoa ishara kubwa zaidi. Katriji ya zamani ilihitaji takriban bakteria 113 kwa mililita ili itoe jibu. Ultra huridhika na takriban 16.

Kwenye makohozi ya mgonjwa ambaye mapafu yameshatoboka, tofauti hiyo haionekani sana, maana bakteria ni maelfu kwa maelfu. Kwenye ini ndiko inakoonekana. Uvimbe wa granuloma ndani ya ini ni vita ambayo kinga ya mwili inakaribia kuishinda: seli zimewazunguka bakteria, waliobaki ni wachache, na ndiyo sababu rangi ya Ziehl-Neelsen, ya kuwaonyesha bakteria kwa darubini, kwenye kipande cha ini mara nyingi hurudi tupu hata pale TB ipo.

Jibu hutoka chini ya dakika 80. Uoteshaji kwenye kimiminika hungoja hadi siku 42 kabla ya kutangaza kwamba hakuna kilichoota, na ule wa mayai wa Löwenstein-Jensen hadi wiki 8. Bei ya katriji kwa nchi zinazonunua kwa mkataba wa pamoja ilishuka Septemba 2023 kutoka dola 9.98 hadi 7.97. Katika vituo vya umma Tanzania na Kenya mgonjwa hatozwi kipimo hiki. Kinachomgharimu ni njia ya kulifikia ini: ultrasaundi, vipimo vya kuganda kwa damu, sindano yenyewe, na usomaji wa patholojia.

Kabla ya kuligusa ini

Mgonjwa wa kawaida huja na homa za muda mrefu, jasho la usiku, kukonda, na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Ini limekua. Macho kuwa ya manjano si dalili ya mara kwa mara. Yakiwa manjano, fikiria njia ya nyongo iliyobanwa na tezi au iliyoathirika yenyewe. Kwenye vipimo vya damu vya ini, vimeng'enya vya alkalini fosfatesi na GGT hupanda sana huku vile vya ALT na AST vikiwa vimepanda kidogo au viko sawa. Albumini hushuka, globulini hupanda. Sura hiyo ya vimeng'enya humaanisha kitu kimejipenyeza katikati ya ini, na TB ni moja tu ya vitu hivyo.

Ultrasaundi huonyesha mambo tofauti kulingana na aina. Ile iliyotawanyika kwa chembe ndogondogo, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi na huja pamoja na TB iliyosambaa mwilini, inaweza kuonyesha ini kubwa tu, au lenye mng'ao, au lisilo na kasoro yoyote. Ile ya madonge huonyesha vivuli vyeusi, kimoja au vingi, ambavyo kwa macho havitofautiani na saratani ya ini, saratani iliyohamia, limfoma, au jipu la amiba. Afrika Mashariki homa ya ini B ni ya kawaida, na saratani ya ini pia. Kwa hiyo kipimo cha virusi B na cha alfa-fetoproteini, alama ya saratani ya ini kwenye damu, vitangulie sindano. Na mtu anayetoka Turkana, au jamii ya wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, akiwa na uvimbe wa maji kwenye ini, usimchome kwanza: ugonjwa wa hidatidi upo huko, na kuupasua uvimbe huo bila maandalizi kunaweza kuleta mshtuko wa mzio na kumwaga mbegu za minyoo tumboni.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa vipimo hawatalisema: mara nyingi ini halihitaji kuchomwa kabisa. Tafuta TB mahali rahisi kwanza. Piga picha ya kifua. Chukua makohozi hata kama mgonjwa hakohoi sana. Papasa tezi za shingo na kwapa, na ukipata iliyovimba, chomoa majimaji yake kwa sindano nyembamba upeleke Xpert. Kwa mwenye VVU aliyelazwa na dalili za TB, au mwenye CD4 (seli za kinga) chini ya 200, kipimo cha LAM cha mkojo, kinachotafuta mabaki ya ukuta wa bakteria wa TB, ni kitu cha kufanya siku ileile: mikrolita 60 za mkojo kwenye ukanda, subiri dakika 25, soma. Kinanasa hasa wale ambao TB imeshawasambaa mwilini, nao ndio ambao ini lao huwa limeguswa. Makohozi au LAM vikiwa na jibu la ndiyo, na hakuna dalili ya saratani wala ini lililosinyaa, matibabu huanza, na ultrasaundi hurudiwa baada ya miezi 2. Madonge yakipungua, sindano imeepukwa kihalali. Yakibaki au kukua, sasa ichomwe.

Sindano, na dakika ile moja

Chembe sahani za damu ziwe juu ya 50,000 kwa mikrolita, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) chini ya 1.5. Tumbo likiwa na maji mengi, njia ya ngozi si salama; maji yatolewe kwanza, au kipande kichukuliwe kupitia mshipa wa shingo pale huduma hiyo ilipo. Sindano ya kukata ya geji 16 au 18, ikiongozwa na ultrasaundi. Kwenye donge, lenga ukingo wake: katikati huwa pameoza na kuyeyuka, patholojia haoni umbo la granuloma pale. Kwenye ini lisilo na donge, kipande kirefu ndicho kinachosaidia. Sentimita 2 ndiyo shabaha. Sindano ya nje inayobaki mahali pake wakati ile ya ndani inakata vipande viwili au vitatu ni bora kuliko kutoboa ini upya kila mara, kwa sababu hatari ya kuvuja damu huongezeka na idadi ya matobo.

Sasa ile dakika. Chupa mbili ziwe zimeshafunguliwa na kuandikwa jina kabla mgonjwa hajapakwa dawa ya kuua vijidudu. Ya kwanza ina fomalini ya asilimia 10. Ya pili ni safi kabisa, haina vijidudu, ina maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kiasi cha kulowesha kipande tu kisikauke. Kipande kimoja kwenye fomalini kwa patholojia. Kingine kwenye maji ya chumvi kwa Xpert na uoteshaji. Kipande kikiwa kimoja tu na mgonjwa hawezi kuchomwa tena, kikate mara mbili kwa wembe safi. Kibanio kilichogusa fomalini kisiingie kwenye chupa ya pili.

Inasikitisha kuona fomu ya maabara iliyojazwa vizuri, imeandikwa "GeneXpert na culture", imebandikwa kwenye chupa inayonuka fomalini. Mgonjwa amelipa, ameumia, amehatarisha damu yake, na nusu ya alichokitafuta imeshapotea. Wauguzi wa chumba cha upasuaji mdogo hupewa chupa za fomalini kwa mazoea, kwa kuwa karibu kila nyama inayokatwa inakwenda patholojia. Dawa yake ni kuweka chupa ya maji ya chumvi ndani ya seti ya baiopsi ya ini yenyewe, isiwe kitu cha kuagizwa.

Chupa ya pili iende maabara siku hiyohiyo. Ikibidi kulala, iwekwe kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, isigandishwe.

Mgonjwa abaki kitandani kwa saa kadhaa. Mapigo na presha vipimwe kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kisha kila nusu saa. Damu ikivuja, mara nyingi ni katika saa hizo za mwanzo. Maumivu ya bega la kulia yanayopungua ni kawaida. Maumivu ya tumbo yanayoongezeka huku mapigo yakipanda si kawaida, na daktari aitwe hapohapo.

Mezani maabara

Kwa kuwa karatasi ya mtengenezaji inazungumzia makohozi, mpimaji afuate utaratibu wa nyama uliotolewa kwa ajili ya Xpert na Shirika la Afya Duniani, ufanyike ndani ya kabati la usalama. Kipande hukatwa vipandevipande kwa mkasi uliochemshwa kwa mvuke, kisha husagwa kwenye kinu kidogo pamoja na takriban mililita 2 za maji ya bafa safi mpaka kiwe uji. Kabla ya kuendelea, sehemu ya uji huo itengwe kwa uoteshaji. Mililita 0.7 huwekwa kwenye mrija wenye kifuniko cha kukaza. Dawa ya kuandalia sampuli huongezwa mara mbili ya ujazo, yaani mililita 1.4. Tikisa kwa nguvu angalau mara 10, acha dakika 10 kwenye joto la kawaida, tikisa tena, ongeza dakika 5. Mililita 2 za kimiminika huingia kwenye katriji. Ukivuta kwa pipeti, kaa mbali na mabonge yaliyobaki chini.

Mabonge hayo ndiyo chanzo cha usumbufu mkubwa wa Ultra kwenye nyama. Ndani ya katriji kuna pampu ndogo inayosukuma kimiminika kupita kwenye kichujio. Nyama isiyosagika ikiziba, shinikizo hupanda, mashine husimama na kutoa hitilafu namba 2008. Katriji imekwenda. Damu nyingi nayo huleta tatizo la pili: vitu vilivyomo kwenye damu huzuia uzidishaji wa vinasaba, na mashine huandika "Invalid". Hilo si jibu la hapana. Maana yake kipimo hakikufanyika, kirudiwe kwa uji uliobaki. Kwa hiyo usiutumie uji wote mara ya kwanza. Mpimaji mwenye busara huacha wa kurudia. Kipande chenye damu kioshwe kwa maji ya chumvi kabla ya kusagwa.

Hitilafu ya 5007 na jamaa zake huhusu ukaguzi wa awali wa rangi ndani ya katriji, na mara nyingi huenda na ujazo usiotosha, katriji iliyotunzwa vibaya, au moduli yenye shida. Katriji zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 28. Stoo ya bati isiyo na feni, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, inavuka kiwango hicho mchana kutwa. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, kipimo hicho kimepotea. Betri ya akiba inayoweza kubeba mashine kwa saa 2 ni sehemu ya kipimo chenyewe, hasa sampuli inapokuwa ya ini. Sampuli ya makohozi unaweza kuiomba tena kesho asubuhi. Hii huwezi.

Kusoma jibu

Majibu ya ndiyo hupangwa kwa kiasi: juu, wastani, chini, chini sana, na la mwisho linaloandikwa "Trace". Hilo la mwisho ndilo utakalokutana nalo kwenye ini mara kwa mara, na ndilo linalowachanganya wengi. Maana yake mashine imeviona vipande vya IS6110 au IS1081, vile vinavyojirudia, lakini haikuiona rpoB ya kutosha kusoma usugu. TB ipo, usugu wa rifampisini haujulikani. Kwenye sampuli ya nje ya mapafu, kama ini, "Trace" huhesabiwa kuwa ndiyo, na matibabu huanza bila kungoja. Tahadhari ni kwa mtu aliyewahi kutibiwa TB katika miaka michache iliyopita, maana vinasaba vya bakteria waliokufa vinaweza kubaki. Huyo jibu lake lipimwe pamoja na patholojia na dalili alizonazo sasa.

Jibu la hapana halifuti TB ya ini. Hapa Ultra inapoteza alama, na haina namna ya kujitetea: milimita chache za ini zinaweza zisiwe na bakteria hata mmoja. Patholojia akiona granuloma zenye kiini kilichooza, mgonjwa ana homa na amekonda, na hakuna maelezo mengine, matibabu ya TB huanza hata Xpert ikiwa tupu. Granuloma zisizo na kiini kilichooza zinahitaji mawazo zaidi. Kanda ya Ziwa, mayai ya kichocho cha mansoni ndani ya ini hutengeneza granuloma zinazofanana. Patholojia aambiwe ayatafute, na akate kipande tabaka nyingi. Wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi wanaweza kuwa na bruselosi. Sarkoidosi na ukungu wa histoplazma navyo vimo kwenye orodha.

Jambo la maziwa mabichi lina sura ya pili ambayo Ultra haiioni. Mycobacterium bovis, TB ya ng'ombe, hupitia tumboni na inaweza kufika ini. Kwenye Ultra hutoka kama TB ya kawaida, kwa kuwa katriji haitofautishi ndugu hao. Lakini bovis kwa asili haiguswi na pirazinamidi, moja ya dawa nne za mwanzo, na tiba yake huongezwa hadi miezi 9. Ni uoteshaji na utambuzi wa aina ndio unaoitambua. Hiyo ni sababu tosha ya kutoruhusu Xpert iufute uoteshaji, na sababu ya pili ni aisoniazidi, dawa nyingine kati ya hizo nne: Ultra haisomi usugu wake. Katriji nyingine, Xpert MTB/XDR, husoma usugu wa aisoniazidi na wa fluorokwinoloni (dawa za TB sugu), ila inadai moduli za mashine zinazosoma rangi 10 na bakteria wengi zaidi, kwa hiyo kipande cha ini chenye "Trace" hakitaifaa.

Vidonge vinavyofuata

TB ya ini isiyo sugu hutibiwa kwa dawa zilezile za mapafu: miezi 2 ya rifampisini, aisoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 ya rifampisini na aisoniazidi. Kidonge mseto cha watu wazima kina miligramu 150 za rifampisini, 75 za aisoniazidi, 400 za pirazinamidi na 275 za ethambutoli. Kilo 30 hadi 39 ni vidonge 2 kwa siku, 40 hadi 54 ni 3, 55 hadi 70 ni 4, zaidi ya 70 ni 5. Mgonjwa wa ini aliyekonda huanza kilo 52 na vidonge 3. Akianza kula na kufika kilo 56, anastahili 4. Mizani ya kila mwezi isiwe ya kujaza kadi tu. Madaktari wengi huongeza muda hadi miezi 9 au 12 pale jipu ni kubwa au madonge yanapungua polepole, na huo ni uamuzi wa kliniki kwa mgonjwa mmoja mmoja.

Kama bidhaa, kidonge mseto ni kizuri: vidonge ni vichache, hakuna kuchagua dawa moja na kuacha nyingine, na hutolewa bure. Lakini kwa ini kina kasoro moja halisi. Dawa tatu kati ya nne, yaani pirazinamidi, aisoniazidi na rifampisini, zinaweza kuliumiza ini, na ukiwa nazo zimeshikana kwenye kidonge kimoja huwezi kumtoa mkosaji.

Hapa ndipo woga huua. Daktari anaona alkalini fosfatesi imepanda mara nne, anaogopa kuongeza dawa zinazoumiza ini, anasubiri vipimo vishuke. Havitashuka. Alkalini fosfatesi hiyo ni TB yenyewe, na vidonge ndivyo vitakavyoishusha. Namba ya kuangalia kabla ya kuanza ni ALT pamoja na bilirubini na hali ya ini kwa ujumla. ALT ikiwa zaidi ya mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida kabla ya dozi ya kwanza, au ini limesinyaa, mpe rufaa kwa mtaalamu achague mchanganyiko wenye dawa chache za kuliumiza ini. Moja ya michanganyiko hiyo ni rifampisini, aisoniazidi na ethambutoli kwa miezi 9, bila pirazinamidi.

Pima ALT, AST, alkalini fosfatesi na bilirubini siku ya kuanza, uandike kwenye kadi, kisha wiki ya 2, ya 4 na ya 8. Bila namba ya siku ya kwanza, hakuna atakayejua baadaye kama ini limeharibiwa na dawa au lilikuja hivyo. Simamisha dawa zote ALT ikifika mara 3 huku mgonjwa anatapika, ana kichefuchefu, maumivu ya tumbo au macho ya manjano; au ikifika mara 5 hata kama anajisikia vizuri. Bilirubini peke yake ikipanda kidogo wiki za mwanzo huku ALT imetulia, huenda ni rifampisini inayogombania njia ya kutokea kwenye ini, na kwa kawaida hutulia bila kuacha dawa.

ALT ikishuka chini ya mara 2, dawa hurudishwa moja moja: rifampisini pamoja na ethambutoli kwanza, baada ya siku 3 hadi 7 na kipimo kingine aisoniazidi huongezwa, na kama ini lilikuwa limeumia vibaya pirazinamidi hairudishwi, tiba ikaenda miezi 9. Utaratibu huu hauwezekani kwa kidonge mseto. Famasia ya hospitali inayolaza wagonjwa wa TB ya ini iwe na dawa hizi mojamoja rafuni kabla mgonjwa hajawa wa manjano.

Wakati huohuo, toa kila mzigo mwingine kwenye ini: pombe, dawa za mitishamba zisizojulikana kilichomo, parasetamoli ya kumeza ovyo. Piridoksini miligramu 25 kila siku huzuia ganzi ya miguu inayoletwa na aisoniazidi. Mwambie mgonjwa mkojo na jasho vitakuwa vya rangi ya chungwa, asije akadhani ini linazidi kuharibika na kuacha dawa. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aelezwe kwamba rifampisini inavipunguza nguvu na apewe njia nyingine.

Mwenye VVU huanza ARV ndani ya wiki 2 za dawa za TB, isipokuwa TB ikiwa kwenye utando wa ubongo. Dolutegraviri, moja ya ARV hizo, inakuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na inaendelea hivyo hadi wiki 2 baada ya rifampisini kuisha. Kinga ikianza kuamka, ini linaweza kuvimba upya, homa ikarudi, na madonge yakaonekana makubwa zaidi kwenye ultrasaundi. Usikimbilie kusema dawa zimeshindwa: hakikisha kwanza anazimeza, usugu umeangaliwa, na hakuna maambukizi mengine. Hata kwa asiye na VVU, donge linaweza kukua miezi ya mwanzo kabla ya kunywea.

Jipu kubwa lililojaa usaha hutolewa kwa mrija pamoja na dawa, na usaha huo nao uende Xpert na kuoteshwa. Njia ya nyongo iliyobanwa ni habari nyingine: dawa zitaua bakteria lakini hazitaizibua upesi, na mgonjwa atahitaji kuwekewa stenti, mrija mdogo wa kuiacha wazi. Macho yakizidi kuwa manjano huku ALT imetulia na alkalini fosfatesi inapanda, rudia ultrasaundi uangalie mirija ya nyongo kama imetanuka kabla ya kulaumu vidonge.